Mchezaji Aliyegeukia Ukutani

Bosi Asajile ameniomba niwaandikie ninyi mnaopokea chumba cha kompyuta, msije mkaanza kujifunza upya mambo ambayo mimi nilijifunza kwa kugombana na watu. Nimekubali kwa sababu mvua haijakatika tangu nilipokabidhi funguo, na mwanamke aliyestaafu akifungiwa ndani na mvua ya Tukuyu huishia kuwasema kuku. Habari za mshahara nitaziruka. Mnazijua wenyewe.

Kabla ya kompyuta nilikuwa mkaguzi wa majani mabichi kwenye kiwanda cha chai. Mkulima analeta gunia, natumbukiza mkono mpaka katikati, natoa yanayojaa kiganja, namwaga mezani na kuyachambua. Majani mawili na chipukizi lake yanakwenda kulia. Vijiti, majani yaliyokomaa na yaliyoungua kwa joto la gunia yanakwenda kushoto. Kushoto kukizidi, gunia linarudi lilikotoka. Kile kiganja kimoja tulikiita sampuli, na mimi wakaniita Mama Sampuli. Niliwahi kurudisha gunia la mume wangu mbele ya foleni nzima. Wiki ile alikula kwa dada yake, na mpaka leo nikimwekea chai huchungulia kwanza ndani ya kikombe.

Likaja soko huria. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akatugawa makundi mawili: wanaobaki na wanaoshukuriwa. Mimi nilishukuriwa. Miaka ile kila mtu alikuwa anauza kitu ambacho jana hakukijua. Waliouza ndizi wakauza mitumba, waliouza mitumba wakauza simu, na Bosi Asajile, aliyekuwa mfanyabiashara wa viazi, akarudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta zilizotumika, amezifunga kwenye mablanketi kana kwamba zina homa. Akazipanga kwenye jengo lililokuwa na mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara ya sokoni. Unga ulikuwa bado umejaa kwenye nyufa za kuta. Mwaka wa kwanza, kila tulipofungua kompyuta kuitengeneza, tulitoa unga wa kutosha kupikia uji.

Mpango wake ulikuwa barua pepe. Lakini watu wa Rungwe wengi tuliotaka kuwaandikia walikuwa wanaishi ng'ambo ya mgomba, ukiita wanaitika. Ndipo akaweka ule mchezo wa vita. Kompyuta ziliunganishwa kwa waya, na simu ikikubali, ziliungana hata na za Mbeya. Kila mchezaji ni askari ndani ya jumba lenye korido nyingi, na jina lake limeandikwa juu ya kichwa. Ukimpiga mwenzako risasi anakufa, anasubiri kidogo, kisha anarudi akiwa mzima. Duniani kungekuwa na utaratibu huo, vyama vyote vya kuzikana hapa kwetu vingefungwa.

Shida ilikuwa moja: hawakukubaliana nani hodari. Kila jioni walitoka wakisukumana, na Bosi akavunjiwa viti. Akasema anahitaji mwamuzi asiyehongeka. Watu wakamwambia yupo mwanamke aliyerudisha gunia la mumewe.

Siku ya kwanza sikujua hata kushika mausi. Nilikaa kwenye kiti, nikakiangalia kioo, nikaona ukuta. Nikaambiwa nigeuke, nikaona ukuta mwingine. Nikasimama na kuamua kufanya kazi niliyoijua. Nilipita nyuma ya mgongo wa mchezaji mmoja, nikasimama pale kwa muda wa birika kuchemka, nikachambua. Risasi iliyopigwa ukutani ni kijiti. Kukimbia bila kujua unakokwenda ni jani lililokomaa. Mtu akipiga risasi mbili tu na kusogea pembeni, hayo ndiyo majani mawili na chipukizi. Kisha nilihamia kwa mwingine. Walinicheka juma zima, lakini hawakuwa na mizani nyingine, wakaizoea hii.

Halafu akaja Elia, fundi kijana kutoka Mbeya, mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni na zote hazina wino. Alituwekea programu ya kupima wachezaji. Ilihesabu kila kitu: risasi, shabaha, vifo, mpaka mtu alisimama bure kwa muda gani. Kisha ilimpa kila mmoja alama. Ukimshinda dhaifu unapata alama kidogo, ukimshinda hodari unapata nyingi. Jumamosi tulichapa karatasi ya matokeo na kuibandika ukutani nje. Bosi alifurahi sana. Aliniambia nibaki kufagia na kuangalia tu kama programu inahitaji chai.

Kesi ya kwanza niliikamata kwa sababu ya baridi. Programu ilikuwa inasema kila anayekaa kompyuta ya tatu ni bingwa. Alikaa fundi viatu, akawa bingwa. Alikaa mlinzi wa shule ambaye mimi mwenyewe nilimpima na kumkuta ni vijiti vitupu, naye akawa bingwa. Elia alifungua programu na kuisoma mpaka macho yakawa mekundu. Nikamwambia ainame achungulie chini ya meza. Jiko la mkaa tulilotumia kuchemshia chai lilikuwa palepale, na aliyekaa hapo ndiye pekee aliyekuwa na vidole vyenye uhai. Kuanzia siku hiyo jiko likakaa katikati ya chumba. Msilisogeze.

Lakini watu walikuwa wameshaiamini karatasi. Mwenye basi mmoja alikuja kusoma safu ya vifo kabla ya kuajiri dereva, akamkataa kijana mzuri kwa kuwa amekufa mno. Mwalimu wa kwaya alitaka sauti ya tatu ipangwe kwa shabaha. Mama mmoja wa Kisiba alikuja kuuliza kama programu inaweza kumpima ng'ombe. Elia, kwa upole wake, alisema haijajaribiwa.

Sasa niwaambie habari ya Atupele, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Atupele alikuwa fundi cherehani, na chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo letu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kompyuta ya mwisho, kwenye kile kibanda cha mbao ambacho mtu wa mbele hawezi kukuona. Jina lake la mchezo lilikuwa Chipukizi, nami nilimpenda kwa hilo kabla sijamwona akicheza. Nilipomwona nikasahau kuangalia birika. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, na alipiga risasi hivyohivyo, bila haraka na bila kupoteza. Miaka yote ya kiwandani sikuwahi kupata gunia ambalo upande wa kushoto wa meza ulibaki mtupu. Kwake ulibaki mtupu. Mumewe alikuwa anajua anacheza na alijivunia, aliwaambia watu sokoni wasome karatasi.

Kisha akaja Mzee Gwakisa wa Masukulu. Alikuwa mnyapara wa wachuma chai tangu ujana wake mpaka walipomstaafisha, mtu wa koti na kofia hata kukiwa na jua, ambalo kwetu halisumbui sana. Alikuja kutuma barua pepe kwa mtoto wake aliyeko mbali, simu ikawa imekatika, akaambiwa asubiri, akapewa mausi ili asichoke. Hakuituma ile barua. Aliweka fimbo yake juu ya meza, akacheza mpaka tulipozima jenereta. Alipoambiwa achague jina la mchezo alikasirika. Alisema yeye ana jina, na akaandika GWAKISA, herufi kubwa tupu.

Nilimchukulia sampuli. Nilichopata nisingekipokea hata kwa ajili ya mbolea. Alitembea taratibu katikati ya korido, mikono kama iko mgongoni, akikagua kuta. Kila mtu alimpiga. Lakini baada ya majuma machache karatasi ikatoka, na juu kabisa, namba moja, ameandikwa GWAKISA. Juma lililofuata, tena. Chipukizi alikuwa wa pili.

Mzee akanunua kofia mpya. Sokoni wakaanza kumwita Bingwa, nao ni watu walewale ambao tangu astaafu walikuwa wanampita bila kumsalimia. Nilimwona akisimama mbele ya ukuta wetu kwenye mvua, anasoma jina lake, anaondoka, anarudi kulisoma tena. Nilifurahi naye. Lakini gunia lilikuwa gunia bovu na nilijua.

Elia ndiye aliyegundua, au programu yake. Siku moja pembeni ya jina la Chipukizi ikatokea nyota na neno ANASHUKIWA. Programu ilikuwa imeona kwamba mchezaji huyu anamshinda kila mtu, ila akikutana na GWAKISA anasimama tuli anauawa. Kwa kuwa Chipukizi ana alama nyingi, kila alipouawa Mzee alivuna alama za mtu hodari. Ndiyo ngazi aliyopandia. Elia alisema, kwa masikitiko, kwamba hapo kuna sababu moja tu: Chipukizi anauza mechi.

Bosi alikuwa ameshapanga mashindano na Mbeya na hakutaka aibu. Alisema Jumamosi atabandika tangazo kwamba Chipukizi amefukuzwa kwa kuuza mechi. Karatasi yenye ile nyota ilikuwa imeshakaa nje juma zima, na Tukuyu nzima ilikuwa imeshaisoma. Kila mtu alijua Chipukizi ni nani. Kilichobaki watu kujiuliza ni kwamba mke wa mtu anauza mechi kwa nani, na analipwa nini. Mumewe naye akauliza, nyumbani, kwa sauti ya chini, na Atupele hakuweza kumjibu. Usiku ule mume alilala kwenye kiti.

Asubuhi yake alikuja kwangu pale kwenye jiko, na macho yamevimba.

"Mama, nitampigaje risasi?"

"Nani?"

"Yule."

"Yule nani, mwanangu?"

Aliinua kidevu kuelekea ilipobandikwa karatasi, kisha akaangalia chini. "Aliyemzaa mume wangu."

Ninyi wa siku hizi huenda mtacheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini katika nyumba alikoolewa, binti haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake anashika njia nyingine. Jina lake halitamki. Mjini wengi tumeshaachana na hayo, ila Masukulu, katika ukoo ule, hawajaachana nayo. Kwa hiyo kila mara yule askari mwenye jina la mkwe wake kichwani alipotokea kwenye korido, Atupele aligeukia ukuta wa karibu na kusimama kwa heshima. Naye Mzee, bila kujua ni nani, maana hakuna aliyethubutu kumtajia habari za mkwe wake, alikuja taratibu na kumpiga mgongoni.

Nilimuuliza kwa nini asiache kucheza. Alisema akiacha sasa watasema amekimbia. Nikamuuliza kwa nini asimweleze mumewe. Alisema amweleze vipi kwamba amekuwa akikaa chumba kimoja na baba yake, na kwamba baba yake amemuua zaidi ya watu wote? Hapo alicheka na yeye, kisha akalia mpaka nikampa kanga yangu.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Nikisema kweli, Mzee anavuliwa kofia mbele ya soko zima. Nikinyamaza, Atupele anabaki na jina chafu na huenda anakosa nyumba. Nilikumbuka tulivyokuwa tukifanya kiwandani mkulima alipodai kwamba karani anamwonea. Tulikata lebo zenye majina, tukachanganya magunia, tukachukua sampuli bila kujua ni la nani.

Nilimwambia Bosi kwamba kabla ya kufukuza mtu nataka mchana mmoja wa kupima bila majina. Elia aliyafuta yote. Askari wote wakawa na kichwa kitupu, na programu ikahesabu kwa namba ya kompyuta tu. Mzee aliniambia hana neno, bingwa haogopi kitu. Atupele nilimwambia tu apige kila anachokiona.

Alipiga. Mzee alikuwa hajamaliza kukaa vizuri akawa ameuawa. Alirudi, akauawa. Akatokea korido nyingine, akauawa na yuleyule. Alianza kwa kucheka, akavua kofia, akavua koti, na nilipompelekea chai hakuiona. Tulipozima, Elia alisoma namba: kompyuta ya mwisho imewashinda wote, na kompyuta ya Mzee iko chini kabisa, chini ya mlinzi wa shule.

Nilitegemea Mzee apasue kitu kwa fimbo. Badala yake alisimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaanza kutembea kuelekea kibanda cha mwisho. Nilimuwahi, nikasimama kwenye njia na upana wangu wote.

"Nipishe, Mama. Nataka kumpa mkono aliyeniua. Tangu enzi za shamba sijaona kazi safi hivi."

"Huwezi kumpa mkono, Mzee."

"Kwani ana nini?"

Nilisogea karibu nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini chumba kile kilijengwa kwa ajili ya mashine ya kusaga, hata mnong'ono unarudi. "Ni mkweo."

Alisimama. Halafu, taratibu, kama alivyotembea kwenye zile korido, alimpa mgongo yule binti na kugeukia ukuta. Pua yake ilikuwa karibu na nyufa za unga. Akakaa hivyo mpaka nikadhani ameugua.

"Yule aliyekuwa akisimama kuangalia ukuta," akasema, akiongea na ukuta.

"Ndiye huyo."

"Kila mara?"

"Kila mara, Mzee."

Nilimwona akiuvua ubingwa palepale. Mabega yalishuka, nami roho ikaniuma, kwa sababu ni mimi niliyekata lebo. Kisha akapaza sauti ya mnyapara, ile ya kufika upande wa pili wa shamba. "Asajile. Binti huyu hajauza kitu. Alikuwa ananiheshimu. Mimi ndiye niliyekuwa navuna heshima yake nikidhani ni shabaha yangu. Kabandike hivyo."

Kutoka kibandani tulisikia Atupele akilia, maana alikuwa ameshaelewa amemuua nani mchana kutwa. Mzee akasikia pia. Akaniambia, bado anaangalia ukuta, "Mwambie hajaniua mimi. Ameua mtu asiye na jina. Na mwambie ndaga fijo, amefanya kazi vizuri."

Nilimpelekea Atupele shukrani hizo, hatua chache kutoka hapo, kana kwamba nimetumwa Mbeya. Jioni ile mumewe, habari zikiwa zimeshamfikia, alikuja kumchukua, na walitoka kwa mlango wa mbele.

Karatasi Bosi aliibandua mwenyewe. Mzee nilidhani hatarudi, lakini Jumatano akaja, kofia ya zamani kichwani, akaomba kitu kimoja: siku atakazocheza yeye, majina yafutwe ya wote. Ndiyo maana mpaka leo Jumatano na Ijumaa mchana hatuweki majina, na wateja ndizo siku wanazozipenda, kwa kuwa muumini anaweza kumpiga mzee wa kanisa asijue, au akasema hakujua. Atupele naye alisema hamtambui mkwe wake kati ya wale askari. Mtu wa kutembea katikati ya korido mikono mgongoni alikuwa mmoja tu, lakini sikumuuliza zaidi. Alimpiga kweli kweli. Na Mzee alipokuwa anachukua fimbo yake kwenda nyumbani aliniambia, "Leo nimeuawa vizuri."

Mashindano na Mbeya yalifanyika kwa njia ya simu. Mvua ilikata laini tukiwa tunaongoza. Mbeya wanasema walikuwa wanaongoza wao. Tumeacha hivyo.

Mzee Gwakisa alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa uzee, nasi tulifunga chumba tukaenda Masukulu kuzika. Atupele alikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, akimenya ndizi, hakuinua uso. Elia, ambaye ndiye pekee aliyelia waziwazi, aliporudi alitaka kumkumbuka. Mchezo ule una askari wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe, wa kujazia watu wakiwa wachache. Akachukua mmoja, akampunguzia mwendo, akamwandikia jina juu ya kichwa: GWAKISA.

Yumo mpaka leo, mtamkuta. Anatembea taratibu katikati ya korido akikagua kuta, na kila mtu humpiga. Atupele sasa ana nywele nyeupe na miwani, na bado upande wake wa kushoto ni mtupu. Ila askari yule akitokea, anaachia mausi na kumgeuza askari wake ukutani. Anasubiri, mikono mapajani, mpaka apigwe.

Programu haijui kitu. Kila Jumamosi inaweka nyota pembeni ya Chipukizi na kuandika ANASHUKIWA. Hiyo ndiyo kazi ninayowakabidhi, zingine mtajifunza wenyewe. Kabla ya kuchapa karatasi, ifuteni hiyo nyota kwa mkono. Mkisahau, atakuja mwenyewe asubuhi na kusimama mlangoni, na mkimuuliza ni kwa ajili ya nani, hatawatajia jina.